Tume, Mtume na Mtumwa: Maneno ya Usimamizi wa Mionzi na Swali la Uhuru Wake

I. Jambo lenyewe

Mgonjwa afikaye katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kigoma pale Maweni, akaambiwa apigwe picha ya kifua, huingia chumbani, husimama mahali anapoonyeshwa, huzuia pumzi kidogo, kisha hutoka. Hakuona kitu, hakusikia kitu, wala hakunusa kitu. Mionzi iliyompitia ilikuwa kidogo na ya manufaa. Walakini yeye mwenyewe hana njia yoyote ya kujua kwamba ilikuwa kidogo. Abiria wa Ujiji akiona mtumbwi umejaa watu na magunia hata maji yanakaribia ukingo wake, aweza kukataa kupanda, kwa sababu hatari ile yaonekana kwa macho. Hatari ya mionzi haionekani. Kwa hiyo, katika jambo hili, raia hana budi kutegemea neno la mtu mwingine aliyepima kwa niaba yake.

Nchini Tanzania mtu huyo amewekwa na sheria, naye ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Mashine ya eksirei haitumiki kwa halali bila ya kibali chake, na mfanyakazi wa chumba cha eksirei huvaa kifuani kipimo kidogo ambacho baada ya muda husomwa ili ijulikane amepata mionzi kiasi gani. Kiwango kinachokubaliwa na mataifa kwa mfanyakazi wa namna hiyo ni milisiveti 20 kwa mwaka, zikihesabiwa kwa wastani wa miaka 5. Na kwa mtu wa kawaida ni milisiveti 1 tu, mbali na mionzi ya asili na ile ya matibabu yake mwenyewe.

Swali linalochunguzwa katika makala haya ni hili: je, mpimaji huyo aweza kusema "hapana" mbele ya yule aliyempa kazi? Katika nchi zenye mitambo mikubwa ya nyuklia swali hili limejadiliwa kwa muda mrefu, nalo huitwa swali la uhuru wa msimamizi wa usalama. Kwa wasomaji wa Kiswahili yafaa lianzie katika maneno yenyewe, kwa sababu maneno yanayotumika kuvitaja vyombo hivi yamebeba hoja nzima ndani yake.

II. Ukoo wa neno "tume"

Neno tume ni la Kibantu tupu. Mzizi wake, -tum-, umezaa ukoo mkubwa: tuma, tumwa, tumia, tumika, mtume, utume, mtumwa, utumwa, mtumishi, utumishi. Hapo zamani tume lilimaanisha mtu aliyetumwa, yaani mjumbe. Baadaye likapewa maana ya kundi la watu waliokabidhiwa kazi maalumu ya kuchunguza au kuangalia jambo. Maana imepanuka, lakini asili haikupotea: tume ni kitu kilichotumwa, na kila kilichotumwa kina mtumaji.

Katika ukoo huo wamo ndugu wawili wanaotofautiana sana. Mtume ametumwa kufikisha neno kama alivyopewa, bila ya kupunguza wala kuzidisha, hata watu wa mji wakichukia. Mtumwa naye ametumwa, lakini hana neno. Hutenda apendalo bwana wake na hunyamazia asilolipenda. Mtume hupimwa kwa ukweli wa ujumbe wake. Mtumwa hupimwa kwa ridhaa ya bwana.

Ujiji ni mji ambao tofauti hii haikuwa ya vitabuni. Ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwa kupitia Tabora, na watu wengi waliovushwa kutoka ng'ambo ya Ziwa katika karne ya 19 walipita hapo wakiwa watumwa. Kwa wenyeji wa mji wa namna hiyo neno huru, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa na maana moja iliyo wazi: mtu asiye na bwana. Tarehe 9 Desemba 1961 ililipa neno hilo maana ya pili, yaani nchi isiyotawaliwa na nyingine. Maana ya tatu, ile ya chombo cha serikali kisichoingiliwa katika maamuzi yake, ni changa zaidi. Nayo imeenea hata ikaingia katika majina rasmi, kama lilivyo jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, lililowekwa kwa sheria mwaka 2024.

Sasa, mtu akiyaweka pamoja maneno tume na huru, aweza kuuliza: kilichotumwa kitakuwaje kisicho na bwana? Jibu halimo katika sifa "huru". Limo katika kumjua mtumaji. Ikiwa mtumaji ni sheria, basi waziri na rais ni wafikishaji wa barua tu, nao hawana ruhusa ya kuibadili. Ikiwa mtumaji ni mtu, hakuna sifa itakayoongezwa mwishoni mwa jina la tume ikaifanya kuwa huru.

Maneno mengine yanayotumika yana ila zake. Mamlaka limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ufalme, nalo ni ndugu wa miliki na milki; raia alisikiapo hudhani ametajiwa mtawala mwingine, si mlinzi wake. Mkaguzi hutazama na kusema alichokiona, lakini jina lake halimpi nguvu ya kuzuia. Msimamizi ni neno zuri zaidi, kwa kuwa husimama juu ya kazi na aweza kuisimamisha. Kiswahili kimelizoea katika mambo mazito, kama msimamizi wa mirathi. Na watu wa Ujiji wajua vema kwamba msimamizi wa mirathi akiwa yeye mwenyewe ni mmoja wa warithi, hatukanwi wala haitwi mwizi, ila hesabu yake hutazamwa mara mbili.

III. Kazi mbili mikononi mwa mmoja

Usimamizi wa mionzi nchini ulianza kupewa chombo chake kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1983, iliyounda tume ya taifa ya mionzi. Miaka 20 baadaye Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 iliibadilisha ikawa Tume ya Nguvu za Atomu, na kuipa kazi mbili kwa pamoja: kudhibiti matumizi ya mionzi, na kuyaendeleza matumizi salama ya nguvu hizo kwa amani.

Kazi ya pili si ya kubezwa. Kwa njia ya mionzi, madume ya mbung'o waliozalishwa Tanga walihasiwa na kuachiliwa Unguja, na katika miaka ya 1990 mbung'o wakatoweka katika kisiwa kile. Kwa mionzi vilevile wagonjwa wa saratani hutibiwa katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Lazima awepo mtu wa kuwaeleza wananchi faida hizi. Swali ni kama mtu huyo ndiye anayepaswa pia kushika mizani. Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, muuza dagaa huzisifu dagaa zake, na hakuna amlaumuye, kwani ndiyo kazi yake. Lakini mnunuzi hapendi mizani iwe ya muuzaji. Hata muuzaji akiwa mwaminifu kabisa, mizani ile haimtulizi mtu moyo.

Jambo hili linaongezeka uzito kwa sababu ya urani. Madini hayo yapo katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous urekebishwe ili eneo la machimbo litoke ndani yake, na mnamo Julai 2025 Rais alizindua mtambo wa majaribio wa kusafisha urani huko. Tena, tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, Serikali ina hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila kampuni ya uchimbaji mkubwa na wa kati. Basi Serikali ni mwenye mali, ni mshirika katika faida, na ni mwajiri wa msimamizi. Hakuna kosa katika lolote kati ya hayo likichukuliwa peke yake. Yakikutana, msimamizi amekuwa mrithi.

Majirani wawili wamefuata njia nyingine. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2008, iliunda baraza la kudhibiti mionzi na kuiachia wizara kazi ya kuendeleza nishati ya nyuklia. Kenya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia kwa sheria yake maalumu, mbali na wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia uliotajwa katika sheria ya nishati ya mwaka huohuo.

IV. Yaliyopata kutokea ng'ambo

Mataifa makubwa hayakuzaliwa na hekima hii, yaliinunua. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1954, iliiachia tume yake ya nguvu za atomu kazi zote mbili, kuendeleza na kudhibiti. Malalamiko yalipozidi, Bunge mwaka 1974 liliivunja tume ile, na Januari 1975 tume mpya ya udhibiti ikaanza kazi, ikiwa na makamishna 5 wa muhula wa miaka 5, na wasiozidi 3 kutoka chama kimoja.

Japani ilichelewa zaidi. Shirika lake la usalama wa nyuklia, lililoundwa mwaka 2001, lilikaa ndani ya wizara ileile iliyokuwa na kazi ya kuendeleza umeme wa nyuklia. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari yaliupiga mtambo wa Fukushima. Tume ya uchunguzi ya Bunge la Japani ilitoa taarifa yake mwaka 2012, ikasema wazi kwamba janga lile lilikuwa la mikono ya watu, na kwamba wasimamizi na wasimamiwa walikuwa wameshikana mikono. Mnamo Septemba 2012 msimamizi mpya aliundwa, akatolewa katika wizara ile.

Kadhalika Mkataba wa Usalama wa Nyuklia wa mwaka 1994, katika kifungu chake cha 8, unazitaka nchi wanachama zitenge kazi ya msimamizi na kazi ya chombo chochote kinachoendeleza au kutumia nishati ya nyuklia.

Hata hivyo kilichojengwa chaweza kubomoka. Mei 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kuibadili tume ya udhibiti ya nchi yake, ikiwamo kuitaka iamue maombi ya leseni za mitambo mipya kwa muda usiozidi miezi 18. Na mwezi uliofuata alimwondoa kazini mmoja wa makamishna kabla ya muhula wake kwisha. Wenye kuunga mkono walisema tume ilikuwa nzito mno. Wenye kupinga walisema kamishna anayeweza kuondolewa wakati wowote hataamua tena kwa vipimo vyake. Sheria ya 1974 haikufutwa. Lakini jambo limedhihirika: uhuru wa msimamizi haukai katika karatasi peke yake.

V. Ziwa na vyombo vyake

Anayedhani kwamba mambo haya ni ya mbali na mwambao wa Tanganyika, na atazame meli. Meli maarufu ya Ziwa hili, Liemba, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na kuanza safari tena mwaka 1927. Tangu nchi ipate uhuru, meli hiyo imekuwa mali ya umma. Bandari ya Kigoma ni ya umma. Na anayekagua usalama wa meli ni mtumishi wa umma. Hali ni ileile ya atomu kwa umbo lingine: mwenye chombo, mwenye gati na mwenye kukagua ni watu wa nyumba moja.

Ajali ya kivuko cha MV Nyerere katika Ziwa Victoria yaonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko hicho, mali ya Serikali na kilichoendeshwa na wakala wa Serikali, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Baada ya siku chache Rais alivunja bodi ya wakala ule, na bodi ya SUMATRA pia, ambayo ndiyo ilikuwa mdhibiti wa usafiri wa majini. Wengi waliona haki imetendeka, na huenda msimamizi aliyelala anastahili kuondolewa. Lakini ipo sura ya pili. Msimamizi akijua kwamba nafasi yake yaweza kwisha kwa neno moja, atajifunza kumtazama usoni mwenye neno hilo badala ya kuitazama alama ya mzigo ubavuni mwa chombo. Uwezo wa kumwondoa msimamizi mvivu ni uwezo uleule wa kumwondoa msimamizi shupavu. Tofauti yake hupatikana tu pale sababu zinapotajwa na sheria na kuchunguzwa hadharani.

Aidha, mwaka mmoja kabla ya ajali ile, Sheria Na. 14 ya mwaka 2017 iliunda TASAC, chombo kilichopewa udhibiti wa usafiri wa majini na bandari. Sheria hiyohiyo ilikipa chombo hicho haki ya peke yake ya kufanya kazi za uwakala kwa bidhaa kadhaa, kama madini na silaha. Hapo tena mdhibiti alipewa duka katika soko alilotumwa kulidhibiti.

Mfano mwingine ulihusu umeme. Mwisho wa Desemba 2016 EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, baada ya kupokea maombi ya TANESCO na kusikiliza maoni, iliidhinisha bei ya umeme ipande kwa asilimia 8.5 tangu tarehe 1 Januari 2017. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika, waziri wa nishati aliisitisha, na siku iliyofuata Rais alimwondoa mkuu wa TANESCO. Wananchi wengi walifurahi, wala si ajabu, maana hakuna apendaye bei kupanda. Wakati huo Kigoma haikuwa katika gridi ya Taifa. Ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, ambao gharama yake ilikuwa kubwa kuliko bei iliyolipwa na mteja. Hapa ndipo ugumu wa jambo unapoonekana. Kuingilia kwa wanasiasa hakuji siku zote kwa sura ya uovu. Mara nyingi huja kwa sura ya huruma. Na umma ulioshangilia neno la mdhibiti lilipotenguliwa kwa faida yake hautakuwa na pa kusimama siku litakapotenguliwa kwa hasara yake.

VI. Upande wa pili wa Ziwa

Uhuru pekee nao hautoshi. Ng'ambo ya Ziwa ni Kongo, nchi iliyopata mtambo wa kwanza wa nyuklia katika Afrika, uliowashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa. Katika miaka ya baadaye vijiti viwili vya fueli vilipotea huko. Kimoja kilipatikana Italia mwaka 1998. Katika Katanga ipo Shinkolobwe, machimbo yaliyotoa urani nyingi iliyotumika katika mabomu ya kwanza ya Marekani. Januari 2004 amri ya Rais wa Kongo ilikataza uchimbaji hapo. Julai ya mwaka huohuo wachimbaji wadogo walifukiwa na kufa, kwa sababu amri ilikuwapo na msimamizi hakuwapo. Basi msimamizi ahitaji pia vyombo, watu na nauli. Msimamizi asiye na njia ya kufika anakosimamia ana uhuru wa kukaa ofisini tu.

VII. Namna ya kupima

Kutokana na hayo yote, msomaji aweza kukipima chombo chochote cha usalama, kiwe cha mionzi, cha meli au cha umeme, kwa maswali manne. Nani humweka msimamizi, na ni kwa sababu zipi zilizoandikwa aweza kuondolewa? Fedha zake hutoka wapi, na nani aweza kuzizuia? Je, chombo hichohicho hutangaza au kuuza kile kinachokidhibiti? Na je, taarifa yake humfikia raia, au huishia mezani kwa mkubwa? Chombo kinachojibu vema maswali manne ni huru, hata kama neno huru halimo katika jina lake. Kinachoshindwa hakitaokolewa na jina.

Kwa upande wa istilahi, yafaa mambo mawili yatenganishwe, ambayo leo yote huitwa uhuru. Chombo kuwa na fedha na watumishi wake ni kujitegemea. Maamuzi yake kutotenguliwa na mwenye cheo ni kutoingiliwa. Shirika laweza kujitegemea kwa ada linazotoza, na bado likaingiliwa kila siku. Laweza pia kulipwa na hazina, na lisiingiliwe kamwe. Mtungaji wa sheria akiyatumia maneno haya mawili kila moja mahali pake, jaji na raia watajua ni kipi kilichoahidiwa. Na pale panapohitajika jina la mwenye kazi, msimamizi wa usalama lafaa kuliko mamlaka, kwa kuwa lasema kazi na si ukuu.

Kiswahili kina methali fupi iliyokwisha kulisema jambo hili kabla ya mitambo ya nyuklia kuwako: mjumbe hauawi. Waliotunga methali hiyo hawakumpenda mjumbe kuliko watu wengine. Walijua kwamba mji unaowaua wajumbe wake huletewa habari njema tu, mpaka siku adui atakapofika mlangoni. Tume iliyotumwa kupima mionzi ni mjumbe wa namna hiyo. Mgonjwa wa Maweni, asiyeweza kuiona mionzi wala kuisikia, hana mwingine wa kumletea habari.